Sahani ya mzazi na chuo kilichomo kifuani mwa mtoto

KATIKA magari yanayotoka Makumbusho kuja huku Bagamoyo, ni nadra kufika Bunju kabla hajapanda kijana mwenye mkoba wa dawa. Atatoa salamu, atawaombea abiria safari njema, kisha atafungua mkoba na kuanza kutaja maradhi: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Mwisho wa orodha hiyo huwa ni kwamba dawa yake pia "inaongeza kinga". Miezi michache iliyopita nilimwona mama mmoja aliyepakata mtoto mchanga akifungua fundo la kanga na kutoa shilingi elfu tano kununua kopo moja. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kumchanganyia mtoto kwenye uji. Akajibiwa kuwa hapo ndipo penyewe. Mtoto mwenyewe, kwa kumkadiria, hakuwa amefikisha miezi minne.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si daktari. Lakini maneno haya ya "kuongeza kinga" yamenisumbua kiasi cha kunifanya nikae na mwalimu mwenzangu wa baiolojia, niazime vitabu vyake, na nisome tafiti ambazo nyingine zimefanyika hapa hapa mjini kwetu. Niliyoyakuta yanamhusu kila baba mwenye mke anayenyonyesha, na akina baba hao ndio wengi wanaolinunua gazeti hili baada ya swala ya Ijumaa. Kwa hiyo naomba subira yao.

Kwanza tukijue kiungo chenyewe. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, kila mtoto huzaliwa na tezi laini yenye rangi ya waridi iliyopauka. Wataalamu huiita thaimasi. Aliyewahi kumchuna mbuzi mchanga ameiona, ni ile nyama laini inayoshuka kutoka shingoni hadi kifuani, ambayo kwa mbuzi mzee huikuti tena isipokuwa mafuta mafuta tu. Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Tezi hii huwa kubwa, kwa kulinganisha na mwili, katika miaka ya mwanzo ya maisha, na baada ya balehe huanza kusinyaa na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta.

Kwa kuwa inasinyaa, madaktari wa zamani walidhani haina kazi. Ni mwaka 1961 ndipo Jacques Miller, mtafiti aliyezaliwa Ufaransa na kukulia Australia, akiwa anafanya kazi London, alipowatoa panya wachanga tezi hii mara tu baada ya kuzaliwa. Panya wale walidhoofu na kufa kwa maambukizi ambayo wenzao waliyamudu. Si hivyo tu, walipobandikwa ngozi ya panya wengine miili yao haikuikataa kama ilivyo kawaida. Maana yake ni kwamba miili ile haikuwa tena na uwezo wa kupambanua kilicho chake na kisicho chake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T (herufi T imetokana na jina la tezi hiyo) huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa zikiwa hazijui chochote. Husafiri kwa njia ya damu hadi kwenye thaimasi, na humo ndimo hukomaa. Mimi, kwa kazi yangu, sikuweza kuisoma habari hii bila kukumbuka chuo. Mtoto anapoletwa chuoni hajui alifu wala bee. Anakaa, anafundishwa, anasikilizwa, na asiyefaulu haruhusiwi kusonga mbele. Tofauti ni kwamba chuo hiki cha kifuani ni kikali kuliko vyote nilivyovijua. Zaidi ya asilimia 95 ya seli zinazoingia humo hufia humo humo.

Mitihani yake ni miwili mikubwa. Wa kwanza hufanyika kwenye tabaka la nje la tezi. Seli hutakiwa kuonyesha kwamba inaweza kuitambua alama ambayo seli zote za mwili huibeba juu yake, kama vile mtu anavyotakiwa kutambua sare ya jeshi lake. Isiyoitambua hufa. Wa pili hufanyika ndani zaidi. Humo seli huonyeshwa sampuli za protini za kongosho, za ngozi, za jicho, za viungo mbalimbali, na seli yoyote inayozishambulia huuawa au hugeuzwa kuwa mlinzi wa amani. Jeni inayowezesha sampuli hizo kuonyeshwa, iitwayo AIRE, ilitambuliwa mwaka 1997. Watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni hiyo hupata maradhi ambayo kinga yao wenyewe hula tezi zao.

Sasa turudi kwa yule kijana wa kwenye gari. Anaposema "inaongeza kinga", je, anaongeza nini? Kinga ikizidi pasipo kufundishwa nayo ni maradhi. Mtu mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia viungo vya mwili hajapungukiwa na askari. Anao, ila hawamjui mwenyeji wao.

Walimu wa chuo hiki ni seli za ukuta wa tezi yenyewe, na kazi yao huifanya kwa namna mbili. Ya kwanza ni kugusana na mwanafunzi ana kwa ana. Ya pili ni kutoa kemikali na homoni. Mwaka 1966 watafiti Allan Goldstein na Abraham White wa Marekani walitenga mchanganyiko kutoka kwenye thaimasi ya ndama na kuuita thaimosini. Katika miaka ya 1970 Jean-François Bach na wenzake huko Ufaransa wakapata nyingine, ndogo sana, yenye viungo tisa tu vya protini, ambayo leo inaitwa thaimulini. Baadaye ikajulikana kuwa yupo mjumbe mwingine, intaliukini 7, ambaye bila yeye seli changa hazistahimili hata kuishi ndani ya chuo. Kwa ufahamu wa leo, huyu wa mwisho pamoja na ule mguso wa ana kwa ana ndio wenye uzito zaidi kuliko zile homoni zilizotangulia kugunduliwa. Hata hivyo thaimulini ina jambo moja la ajabu ambalo sitaki tulipite.

Thaimulini haifanyi kazi bila madini ya zinki. Ukiondoa zinki, homoni ipo lakini ni kama kalamu isiyo na wino. Ananda Prasad, daktari mzaliwa wa India, alikuwa Shiraz nchini Iran mwishoni mwa miaka ya 1950 alipokutana na vijana waliodumaa, wenye umri wa kuoa lakini miili ya watoto. Chakula chao kilikuwa mkate usiochachuliwa, na nyama waliionja kwa nadra. Yeye na wenzake waliendelea na uchunguzi Misri, ikathibitika kuwa binadamu anaweza kupungukiwa na zinki, jambo ambalo wengi hawakuliamini. Mwaka 1988 Prasad na wenzake wakaonyesha kwamba hata upungufu mdogo tu hushusha nguvu ya thaimulini katika damu ya mtu, na zinki ikirudishwa, nguvu hiyo nayo hurudi.

Kwa nini mkate usiochachuliwa? Kwa sababu nafaka na kunde zina kitu kiitwacho faiteti ambacho huishika zinki tumboni na kutoka nayo. Kuchachua hukipunguza. Mabibi zetu waliotengeneza togwa hawakuwa na maabara, lakini togwa ya unga uliochachuka vizuri ina faida hii ambayo uji mtupu wa mahindi hauna.

Historia ya thaimasi ina ukurasa mmoja wa kusikitisha ambao nadhani unatufaa sisi watu wa kipato cha chini kuujua. Zamani, madaktari wa Ulaya na Marekani walijifunza umbo la mwili kwa kupasua maiti, na maiti walizozipata zilikuwa kwa sehemu kubwa za mafukara waliokufa baada ya kuugua na kukaa na njaa muda mrefu. Thaimasi za watu hao zilikuwa zimesinyaa. Madaktari wakaandika vitabuni kwamba huo ndio ukubwa wa kawaida. Baadaye, mtoto mwenye afya alipofariki ghafla usingizini na wakampasua, walimkuta na tezi kubwa, wakasema tezi ndiyo iliyomuua. Kwa msingi huo watoto maelfu walipigwa mionzi shingoni na kifuani ili kuisinyaza tezi iliyokuwa salama kabisa, na kufikia mwaka 1950 ilianza kuonekana kuwa baadhi yao wanapata saratani ya tezi ya shingo. Njaa ya fukara ilifanywa kipimo cha uzima!

Hili la njaa kusinyaza thaimasi si nadharia. Katika utapiamlo mkali, ule wa kwashakoo na kukondeana, tezi hii hunyauka kiasi kwamba wapo waandishi waliosema ni kana kwamba mtoto amefanyiwa upasuaji wa kuiondoa. Katika miaka ya 1990 watafiti huko Bolivia walikuwa wakiipima kwa altrasaundi kwa watoto waliolazwa kwa utapiamlo. Walikuta kuwa uzito wa mtoto hurudi baada ya mwezi mmoja hivi, lakini tezi huhitaji kama miezi miwili. Yaani mama anaruhusiwa hospitali na mtoto aliyenona, kila mtu anashukuru, kumbe chuo cha ndani bado hakijafunguliwa. Walipoongeza zinki kwenye matibabu, tezi nayo ilipona mapema.

Pwani ya jirani zetu wa Kenya tuna ushahidi mwingine wa udhaifu huo. Kati ya mwaka 2009 na 2013 watoto 1,778 waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Nusu yao walipewa kila siku dawa ya kuua vijidudu, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Katika kundi la kwanza walifariki asilimia 14, katika la pili asilimia 15. Dawa ya kila siku haikuweza kushika nafasi ya kinga yenyewe.

Basi ni nini kinachoijenga tezi hii kwa mtoto? Mwaka 1996 watafiti wa Denmark waliwapima watoto wa miezi minne na kukuta kuwa wanaonyonya maziwa ya mama pekee wana thaimasi kubwa karibu mara mbili ya wale wanaopewa maziwa ya kopo. Denmark ni nchi tajiri, hakuna aliyekuwa na njaa pale. Maziwa yenyewe yana jambo.

Jambo hilo lilifuatiliwa Gambia, katika kijiji cha Keneba, ambako wapo wakulima Waislamu wanaoishi kwa misimu kama sisi. Kule mwaka una msimu wa mavuno na msimu wa njaa, pale ghala linapokuwa tupu na kazi ya shamba ni nyingi. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa kwamba waliozaliwa msimu wa njaa walikuwa wakifa zaidi mapema wakifikia ujana, na vifo vingi vilitokana na maambukizi. Tafiti za namna hiyo huko Senegal na Bangladesh hazikuona tofauti kama hiyo, kwa hiyo tusiifanye kanuni ya dunia. Lakini Keneba hawakuishia hapo. Walipima watoto wa wiki nane na kukuta thaimasi zao ni ndogo zaidi msimu wa njaa hata kama uzito wao ni mzuri. Wakapima maziwa ya mama zao. Mwaka 2004 wakaeleza kuwa yale maziwa yana intaliukini 7, yule yule mjumbe wa chuo tuliyemtaja, na kwamba msimu wa njaa kiwango chake kilikuwa chini.

Naomba tusimame hapa kidogo. Mtoto ana uzito mzuri, kadi ya kliniki iko kwenye rangi ya kijani, na bado chuo chake ni kidogo kwa sababu mwaka umekuwa mgumu kwa mama yake.

Mwalimu wa dini hawezi kulifikia jambo hili asiikumbuke aya ya 233 ya Suratul Baqara. Sisi masheikh na maustadhi tunaitaja sana kwa ajili ya ile miaka miwili ya kunyonyesha. Tunamhimiza mama. Lakini aya hiyo hiyo, katika pumzi hiyo hiyo, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo. Nusu hii ya pili huwa inasomwa haraka haraka. Sijasikia hotuba nyingi za Ijumaa zilizouliza mzazi aliyetoka arobaini amekula nini jana.

Maana kwa desturi zetu, mzazi hutunzwa vizuri siku arobaini. Atapikiwa uji wa pilipili manga, atachinjiwa kuku, atakatazwa kushika ndoo. Siku ya arobaini na moja anarudi jikoni na kuanza kula mwisho, baada ya baba, baada ya wageni, baada ya watoto wakubwa. Kusi likivuma na bahari ikachafuka, ngalawa zikalala ufukweni, anayepunguza tonge wa kwanza ni yeye. Na hapo ndipo wengine humshauri kwamba maziwa yake hayatoshi, aanze kumpa mtoto uji. Mtoto wa miezi mitatu anatolewa kwenye maziwa yaliyobeba ujumbe kwa ajili ya thaimasi na kupewa maji ya mahindi yenye faiteti. Nchi yetu imepunguza udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Ni hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu.

Wapo watakaosema: siku hizi zipo chanjo, ya nini kuhangaika? Hebu tuangalie jirani na hospitali yetu ya wilaya, pale kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Dunia nzima inapozungumzia chanjo ya malaria, inazungumzia na Bagamoyo. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa hapa kwa watoto wachanga 340, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, kisha katika jaribio kubwa la watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika lililokwisha mwaka 2014. Chanjo ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo ilipita hapa. Katika lile jaribio kubwa, waliopata dozi zote nne wakianza na umri wa miezi 5 hadi 17, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 vilipungua kwa asilimia 26.

Upo na utafiti mwingine wa hapa hapa ulionishangaza zaidi. Chanjo ya tatu, iliyotengenezwa kwa vimelea vizima vilivyodhoofishwa, ilijaribiwa kwa Watanzania 93, kuanzia watu wazima hadi watoto wa miezi sita. Taarifa yake ya mwaka 2019 inasema watoto wadogo walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Lakini walipozitafuta seli T zilizoitikia chanjo, waliziona zaidi kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, na kwa wachanga hawakuziona. Chanjo huleta somo. Darasa la kulipokea hujengwa pole pole na haliji na sindano. Mzazi asiache kumpeleka mtoto chanjo kwa sababu hii, la hasha. Ninachosema ni kwamba sindano hiyo hiyo inakuta miili iliyotayarishwa kwa viwango tofauti.

Kuhusu vidonge, tusidhani kwamba kila kilicho chema kwenye chakula ni chema kikigeuzwa kidonge. Ndugu zetu wa Pemba walishiriki utafiti mkubwa ambao watoto maelfu kwa maelfu walipewa madini kila siku. Lile kundi la madini ya chuma na foliki lilisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu waliokuwa wakipewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, katika kisiwa chenye malaria nyingi wakati ule. Kundi la zinki lilikuwa salama, lakini kwa ujumla halikupunguza vifo kwa kiwango cha kuhesabika. Na hayo yalifanywa na wataalamu, kwa vipimo na kwa usimamizi. Kopo la kwenye gari limepimwa na nani? Hata thaimosini yenyewe, ambayo aina yake moja hutengenezwa kiwandani na katika nchi kadhaa, kama China, hutumika kutibu homa ya ini, ni sindano ya hospitali kwa ugonjwa maalumu. Haichanganywi kwenye uji wa mtoto.

Zinki ya kidonge ina mahali pake panapojulikana. Mtoto akiharisha, kliniki watampa pamoja na maji ya chumvichumvi, kwa siku 10 hadi 14 kama ilivyoshauriwa tangu mwaka 2004. Akina mama wengi huacha siku ya tatu kuharisha kunapokoma. Amalize.

Nilipoyasema haya kwenye baraza moja hapa mjini, mvuvi mmoja mzee kuliko mimi aliniambia: "Mwalimu, unataka nimpe mke wangu nguru, nguru ndiye anayelipa ada ya watoto." Nikamwambia, mzee wangu, nguru muuze. Mnofu mweupe wa samaki mkubwa una zinki kidogo tu. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anamshinda mbali, na chaza wanaookotwa maji yakitoka wanawashinda wote. (Kaa sitamtaja, nisije nikafungua khilafu nyingine gazetini.) Mama mzazi ale dagaa na maharage kwenye chungu kimoja na baba, si baada yake. Na mtoto akitimiza miezi sita, si kabla, dagaa hao hao wasafishwe, wakaushwe, watwangwe, kijiko kimoja kiingie kwenye uji. Mzee alifikiri kidogo, akauliza kama dagaa wa kukaanga na mafuta nao wanafaa. Wanafaa.